Kisanduku Changu Kwenye Jedwali la Daktari

Watu wananiambia nisamehe. Mtoto anakua, kazi nimerudishiwa, yaishe. Wanaosema hivyo hawajawahi kufukuzwa kazi kwa maneno ya mdomo wao wenyewe. Mimi nilifukuzwa kwa sentensi moja niliyoisema nyumbani kwangu nikimmiminia mgeni chai, na mgeni akaenda kuibandika ukutani mbele ya bosi wangu. Kwa hiyo sisamehi. Naandika.

Kazi yangu ni kuchambua maharage. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea, nikaingia kwenye ghala moja la nafaka hapa Sumbawanga mjini, na huu ni mwaka wa nne. Tuko wanawake kumi na tano. Tunakaa sakafuni juu ya turubai moja refu, ungo mapajani, kila mmoja na rundo lake mbele na gunia lake ubavuni. Unatoa mawe, vijiti, punje zilizooza, zilizotobolewa na wadudu. Jioni msimamizi anapita: gunia moja kila mtu, limejaa mpaka mdomo. Likipungua siku tatu, wewe si mtu wa ghala tena.

Nilijifungua, nikakaa nyumbani siku zangu za uzazi, nikarudi mtoto akiwa na miezi mitatu. Siku ya kwanza nilikwenda ofisini kwa bosi. Nilimwamkia vizuri, nikamwambia sheria ya kazi inampa mama anayenyonyesha nafasi ya kunyonyesha ndani ya saa za kazi, mpaka saa mbili kwa siku. Nilikuwa nimeisoma kwenye simu.

Bosi hakukasirika. Alicheka. "Mama, hata ng'ombe wa Wasukuma kule bondeni wanakamuliwa asubuhi na jioni tu, na ndama hawafi. Nyonyesha ukiamka, nyonyesha ukirudi."

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake, naye akacheka. Nilirudi kwenye turubai matiti yakiuma, blauzi imelowa.

Sasa nieleze jambo ambalo halielezwi. Kwetu ni Kate, kijijini huko Nkasi. Huko, mvua zikiwa zinaelekea kwisha, watu hukusanyika kulima intumba, yale matuta ya mviringo ambayo majani hufukiwa ndani yake yaoze yawe mbolea. Mnapanga mstari, kila mtu na sehemu yake, na jioni kuna pombe ya ulezi kwa mwenye shamba. Katika mstari ule mama mwenye mtoto mchanga anapoacha jembe kwenda kunyonyesha, wa kulia kwake na wa kushoto kwake wanainamia upande wake. Wanamlimia tuta moja moja, bila kuangalia, kana kwamba jembe limepotea njia. Akirudi anakuta hajaachwa nyuma. Hakuna anayesema kitu. Ukishukuru wanaona umewavunjia heshima, maana ukishukuru umetangaza kwamba hukufanya kazi yako.

Wanawake wa ghalani wengi ni wa Nkasi na sehemu nyingine za Ufipa. Hawakuitisha kikao. Kesho yake saa nne nilisikia mama yangu anakohoa, kama tulivyopatana, nyuma ya ghala, pale wanapomwaga pumba, mtoto mgongoni. Nikatoka kama ninayekwenda chooni. Nilinyonyesha nimechuchumaa. Niliporudi, gunia langu lilikuwa limepanda. Mama wa kulia kwangu, mtu mzima wa Chala anayetafuna karanga mchana kutwa, alikuwa akipepeta anaangalia dari. Miezi minne tuliishi hivyo, na bosi hakupungukiwa hata punje.

Kisha akaja Daktari.

Alikuwa mhadhiri wa sheria za kazi wa chuo kikuu fulani, mwanamke wa miaka arobaini hivi, viatu vya raba, sauti ya upole. Sisi tulimwita Daktari kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha, na mama yangu siku ya kwanza akamwonyesha goti. Alitaka kulinganisha: mama anayefanya kazi upande wetu na mama anayefanya kazi upande wa Zambia, sheria zao na maisha yao. Alihitaji mtu anayejua Kifipa, anayesoma na kuandika, na asiyemwogopa mtu. Ofisi ya kata ikanitaja mimi. Jumamosi mchana na Jumapili nikawa mkalimani wake. Tulikwenda Chala, Namanyere, tukavuka mpaka hadi Mbala, ambako Kimambwe na Kifipa vinaelewana kama mtu na shangazi yake.

Sitadanganya: nilimpenda. Alinifundisha kitu ambacho miaka minne ya sekondari haikunifundisha.

Mbala tulimkuta mfagiaji wa nyumba ya wageni. Nilimuuliza nilivyoambiwa: je, kazini kwenu kuna mapumziko ya kunyonyesha? Akasema hakuna. Nikaandika hakuna. Daktari akaniambia kwa sauti ya chini, "Umemuuliza jina la haki. Mtu hajui jina. Muulize tatizo. Muulize, mtoto akilia saa nne, anakwenda nani?"

Nikauliza hivyo. Yule dada akacheka, akasimulia nusu saa: kwamba anaruhusiwa kutoka saa nzima, kwamba mtoto akitimiza miezi sita wanamwambia basi, kwamba kila mwezi mwanamke wa kule ana siku yake moja ya kutokwenda kazini bila kuulizwa cheti cha hospitali. Siku ile wanaiita siku ya mama, hata kama huna mtoto. Nilimwambia kwetu hiyo haipo. Akanitazama kwa huruma, na mimi huruma ya mtu siipendi, nikamwambia, "Lakini kwetu hawatuambii basi mtoto akifika miezi sita." Akasema, "Basi mje na siku zetu, na sisi tuje na miezi yenu." Tulicheka wote.

Njiani Daktari alikuwa akinifundisha kama ananitayarishia mtihani. Usilinganishe kitabu na kitabu ukalala. Kitabu kinasema hivi, turubai linasema vile; linganisha kitabu na turubai, halafu turubai la huku na turubai la kule. Usilinganishe mfagiaji wa Mbala na karani wa Dar es Salaam, linganisha kazi na kazi. Na mahali ambapo sheria imenyamaza, usiandike kwamba hakuna kitu. Tafuta watu wanafanya nini kimya kimya.

Hilo la mwisho ndilo lililoniponza.

Jumapili moja alikuja kwangu. Nilimchemshia viazi, nikammiminia chai. Mtoto alikuwa ananyonya. Daktari akaweka kikombe chini akaniuliza swali langu mwenyewe, lile alilonifundisha: "Na wewe je, akilia saa nne?"

Nikamwambia. Nilijisikia msomi, nikaeleza na intumba, nikaeleza wa kulia na wa kushoto, nikaeleza gunia linavyopanda. Aliacha kuandika akanitazama, kisha akaandika haraka sana.

"Naweza kulitumia hili?"

"Tumia. Ila usitaje majina."

"Majina hatutaji kamwe," akasema.

Mama yangu alikuwa anamenya viazi mlangoni. Mgeni alipoondoka akaniuliza kwa Kifipa, "Umemwambia habari za mstari?" Nikasema ndiyo, ni utafiti. Mama alimenya kiazi mpaka kikabaki kidogo.

Miezi miwili baadaye Daktari alirudi kutoa matokeo. Waajiri wa mjini walialikwa kwenye ukumbi, chai na maandazi, na mimi nikaitwa kukaa nyuma iwapo atahitajika mkalimani. Bosi alikuwa mstari wa tatu. Daktari akawasha mashine, jedwali likatokea ukutani. Safu nne: sheria ya huku, sheria ya kule, hali halisi ya huku, hali halisi ya kule. Akashuka mpaka mstari wa kunyonyesha. Kwenye kisanduku cha hali halisi ya huku palikuwa pameandikwa: ghala la nafaka, Sumbawanga mjini, wafanyakazi humjazia gunia mwenzao kwa siri wakati anaponyonyesha.

Jina halikuwepo. Lilihitajika la nini? Hesabu mwenyewe maghala yenye mwanamke anayenyonyesha na aliyemwomba bosi nafasi kwa mdomo wake. Bosi aligeuza shingo polepole, akapekua viti, akanipata. Akatabasamu. Kisha akanyoosha mkono.

"Daktari, nimejifunza sana. Kwa hiyo kazi ya mmoja, waliobaki wanaweza kuifanya?"

Na yule mwanamke, mwalimu wa sheria za kazi, akafurahi kuulizwa. "Swali zuri. Kwa muda, ndiyo, inawezekana kabisa."

Niliona mlango umefungwa na aliyeufunga ameshukuriwa kwa makofi.

Jumatatu bosi aliniita. Hakupaza sauti. "Mama, wenzako wamethibitisha kwamba kazi yako inafanyika bila wewe. Nenda kalee mtoto." Akanipa barua ya mistari miwili: kazi imepungua. Alipomaliza na mimi akaingia ghalani na kisu, akakata turubai refu vipande kumi na vinne, akaamuru kila mwanamke akae na kipande chake, hatua mbili kutoka kwa mwenzake, gunia limeandikwa namba.

Nilimsubiri mama wa Chala getini jioni. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Alikuwa anatembea, hakusimama. "Ulikuwa unamwambia nani mambo yetu?"

"Mtafiti, mama. Alisema hataji jina."

"Mtoto wako alikuwa anashiba?"

"Alikuwa anashiba."

"Basi ulikuwa unatafuta nini kingine?" Akaendelea na njia yake. Hakugombana nami. Angegombana ningelala.

Nilimpigia Daktari simu. Alisema pole, alisema pole nyingi. Akasema hakutaja jina. Nikamwambia njoo useme kwenye usuluhishi kwamba bosi alijulia kwako na kwamba aliuliza lile swali. Akasema maadili ya utafiti hayamruhusu, siri za waliohojiwa lazima zilindwe.

"Siri ya nani, dada? Aliyehojiwa ni mimi. Mimi nakufungulia."

"Si rahisi hivyo."

"Kwangu ilikuwa rahisi. Ulinywa chai, nikasema."

Alikata au mtandao ulikata, sijui. Mtoto aliguswa na hasira yangu, maziwa yakapungua wiki ile. Mama alimkorogea uji wa ulezi mwepesi, akautema. Hapo ndipo nilipoapa kuwalipa wote wawili, na kuwalipa kwa kutumia kile kile nilichofundishwa.

Sheria inakupa siku thelathini za kulalamika ukifukuzwa. Nilijaza fomu ya usuluhishi siku ya tano. Mtu mmoja wa ofisi ya kata aliniambia niandike nimebaguliwa. Nikakumbuka: hilo ni jina la haki. Nikatafuta tatizo kwanza. Nilikaa ng'ambo ya geti siku tatu, nimejifunga kanga, naangalia wanaoingia. Siku ya tatu nikahesabu wanawake kumi na watano. Kazi iliyopungua ilikuwa imeota upya. Wa kumi na tano alikuwa binti mgeni, mwepesi, hana kitu mgongoni. Kazi na kazi, gunia na gunia, ghala moja, bosi mmoja. Kilichotofautiana ni titi.

Wiki hiyo hiyo nikasikia Daktari amekuja na wanafunzi wake wa chuo, ameleta darasa zima kujifunza mbinu za kulinganisha sheria, na mfano anaofundishia ni Sumbawanga. Walikuwa wamekaa kwenye ukumbi ule ule. Niliingia na mtoto, nikakaa kiti cha mbele. Daktari alinisalimia kwa jina la mtoto.

Jedwali lilikuwa ukutani. Nilinyoosha mkono kama wanafunzi.

"Daktari, kwenye safu zako nne, ya mtafiti aliyeuliza iko wapi?"

Kijana mmoja nyuma akacheka, akidhani ni utani. Nikageuka nikamwambia, "Cheka, mshikaji, lakini andika. Linganisha wanawake wawili. Wote wamesema maneno yale yale, kuhusu gunia lile lile. Mmoja ameyasema jikoni, ana kidato cha nne, amefukuzwa kazi. Mwingine ameyasema ukumbini, ni daktari, ameletwa tena na basi la chuo. Sheria ni moja, maneno ni yale yale. Mmesoma miaka mingapi? Nielezeni tofauti imetoka wapi."

Msichana mmoja wa mstari wa mbele akauliza taratibu, "Mama, ina maana ile kesi ya ghala ni wewe?"

"Mimi ndiye kile kisanduku. Muulize mwalimu wako ana mpango gani nacho."

Nilimnyonyesha mtoto pale pale, kiti cha mbele, mpaka akashiba. Sikuinuka mapema. Nilitaka Daktari afundishe huku ananiona, na hakuweza kufundisha. Nilifurahi. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nijifungue, na sioni aibu kuandika hivyo.

Siku ya usuluhishi Daktari alikuja. Hakuwa na raba, alivaa viatu vya ofisini, na karatasi iliyosainiwa: kwamba maelezo yalitoka kwenye utafiti wake, na kwamba mwajiri aliuliza swali fulani na yeye akalijibu bila kufikiri. Neno hilo, bila kufikiri, aliliandika mwenyewe. Aliketi mbali nami.

Bosi alikuja na msimamizi. Akasema kazi imepungua, msimu, soko. Msuluhishi, mama mmoja mpole mwenye miwani, akaniuliza kama nina swali. Nilikuwa nalo, na nilikuwa nimelilalia wiki tatu.

"Bosi, pale nilipokuwa nakaa sasa anakaa nani?"

"Yupo binti mmoja. Wa muda."

"Anachambua nini?"

"Maharage. Angechambua nini?"

"Siku unamchukua, ulimuuliza nini?"

Akaona ni swali dogo. "Maswali ya kawaida. Jina, anakotoka, kama ana mtoto mchanga. Kila mwajiri anauliza."

Msimamizi alimtazama bosi wake kisha akaangalia viatu. Msuluhishi alikuwa ameacha kuandika. Akasema, "Rudia hapo mwisho, mzee," na bosi akaanza kurudia, akasikia alichokuwa anakirudia, akanyamaza katikati.

Mapumzikoni bosi alinifuata uani. Alitaka kunipa kiinua mgongo, nisirudi, tumalizane kiutu. Alinitajia kiasi. Kilikuwa kikubwa, na kwangu hata mafuta ya taa yalikuwa yameisha.

"Sitaki kumalizana," nikamwambia. "Nataka kurudi."

"Kurudi kufanya nini, mama, na wewe umeshanichukia?"

"Ndiyo maana."

Ikaandikwa na ikasainiwa: narudi kazini, napata saa zangu mbili kila siku, moja kabla ya mchana na nyingine baada ya mchana, na gunia langu lipunguzwe kwa kadiri hiyo. Nikaongeza kwamba yule binti asifukuzwe kwa ajili yangu. Msuluhishi akauliza nitanyonyeshea wapi, maana nyuma kwenye pumba si mahali pa mtu. Bosi akasema popote. Nikasema basi liandikwe, popote.

Nilichagua benchi la wateja, mbele ya dirisha la ofisi yake.

Saa nne mama analeta mtoto kwa geti kubwa, mchana kweupe. Naketi. Wafanyabiashara wanaokuja kununua wanasimama kwa sababu benchi limejaa mimi, kanga, na mtoto. Wananisalimia, wengine wanauliza, nawaeleza. Wiki ya kwanza bosi alifunga pazia. Wiki ya pili joto lilimshinda akalifungua. Mwanangu sasa ameshatimiza mwaka na ana meno, na bosi alimtuma msimamizi kuniuliza lini nitamwachisha. Nikamjibu kwamba kule Zambia wanahesabu miezi sita, kwetu nilivyosoma sikuona ukomo, na kama bosi anapenda sheria ya kule basi alete yote, na ile siku moja ya kila mwezi kwa wanawake wote kumi na sita. Msimamizi alikwenda kusema.

Lakini vipande vya turubai bado viko mbalimbali. Mama wa Chala anaitikia shikamoo yangu na hasemi zaidi. Mwezi uliopita mmoja wetu mjamzito alianza kutapika katikati ya kazi, akatoka, na niliona mikono ikisita juu ya nyungo. Hakuna aliyeinama upande wake. Mimi nilijaribu, nikamwaga ungo mmoja kwenye gunia lake, na watu wakaangalia msimamizi yuko wapi. Jioni gunia lake lilipungua. Nimemwambia naye aombe kwa maandishi. Ameniambia anaogopa. Karatasi yangu ina jina langu peke yangu.

Juzi Daktari alinipigia nikiwa kwenye benchi. Anaandika kitabu cha kufundishia. Alitaka ruhusa ya kubadilisha kile kisanduku, aweke matokeo: mfanyakazi alirudishwa, haki ikatekelezwa. Akasema safari hii ataniomba kwa maandishi, na nitasoma kabla.

"Uandike na turubai lilivyokatwa?"

"Sina uhakika kama litaingia kwenye jedwali."

"Basi kiache tupu."

"Kisanduku kitupu wanafunzi watadhani hakuna kitu huko."

"Wewe ndiye uliyenifundisha wasidhani hivyo. Wafundishe na wao."

Alianza kusema pole tena. Ofisini bosi alikuwa amesimama dirishani na mteja wake, wote wawili wakingoja benchi. Nilikata simu, nikamgeuza mtoto titi la pili. Nilikuwa bado na dakika thelathini na tano.